Mwana hiti
Mwana hiti ni kinyago kidogo cha Wazaramo, Wakwere na Wadoe wa Bagamoyo na pwani ya jirani. Kwa kawaida hakizidi kimo cha shubiri moja: kiwiliwili cha mche duara kisicho na mikono wala miguu, matiti madogo, kitovu, na juu yake nywele zilizochongwa kama vishungi viwili.

Wakusanyaji wengi hukiita mwanasesere, na hapo hukosea. Vifuu vya nazi ambavyo watoto hupikia mchanga uani ni vya mchezo. Lakini mwana hiti alikabidhiwa mwali, msichana aliyevunja ungo, alipokuwa amewekwa ndani; mwali alikiosha, alikipaka mafuta na kukitunza nywele kama mtoto wa kuzaa, huku akifundwa uzazi na malezi. Baadaye kilirudishwa kwa wazee, kingoje mwali mwingine. Ndiyo maana vile vya kale vimelainika na kung'aa, na mng'ao huo wa mikono ndio unaotafutwa zaidi na wanunuzi.

Umbo hilohilo lilichongwa pia kwenye viti, bakora na nguzo za makaburi. Tangu enzi ya Wajerumani vingi vimechukuliwa hadi makumbusho ya Ulaya, mbali na kina mama waliovijua.