Goma: wafundi wa soko la Noeli waliorudi kila mara

Ndugu zetu wa Goma, nanyi mliohama makwenu, mnajua namna soko linavyobadilika mwezi wa kumi na mbili. Virunga, Birere na kandokando ya barabara, mashine za washonaji zinalia mpaka usiku, maana kila mzazi anatafutia mtoto nguo ya Noeli na Bonane. Wafua mbabula wanapanga mali yao chini, kubwa kwa ndogo. Mama wa vitunga na mikeka anaketi pale pale alipoketi mwaka jana. Asipoonekana, wateja wanauliza majirani: amepatwa na nini?

Swali hilo ni la zamani katika mji wetu, na lina sababu zake.

Mwaka 1973, Mobutu alitwaa maduka na mashamba ya wageni na kuwagawia Wazairi. Jambo hilo lilijulikana kama zairianisation. Mengi ya maduka hayo hayakudumu, na vitu vya kutoka ng'ambo vikawa haba. Watu wakazidi kutegemea mikono yao. Pipa kuukuu na bati bovu vikawa mbabula, mpira wa gari ukawa viatu. Wazee wengi husema kwamba chukudu yetu nayo ilianza miaka hiyo ya 1970: mbao za mikaratusi, magurudumu ya mti yaliyovikwa mpira, na mtu mmoja akaweza kuteremsha magunia ya viazi na makala kutoka Kibumba. Watoto nao wakachongewa chukudu ndogo. Leo sanamu yake imesimama katikati ya mji.

Kisha mlima ukaanza kutupima. Tarehe 10 mwezi wa kwanza 1977, ziwa la moto la Nyiragongo lilimwagika lote kwa muda usiofika saa moja, likaunguza vijiji vya kaskazini ya mji. Miaka 25 baadaye, Alhamisi tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, moto ulipita kiwanja cha ndege, ukakata mji kati na kuingia ziwani Kivu. Maduka ya katikati ya mji yalifunikwa. Mamia ya maelfu ya watu walikimbia, wengi kuelekea Gisenyi.

Bonane ilikuwa imepita kwa majuma mawili tu. Kwa desturi ya soko letu, huo ndio wakati wa kukusanya madeni ya sikukuu. Mshonaji amekupa nguo tatu, umelipa mbili, ya tatu iko kwenye daftari. Daftari likiungua, hakuna shahidi isipokuwa wewe na yeye.

Baada ya siku chache watu walirudi, mawe yakiwa bado na joto. Walijenga nyumba za mbao juu ya mawe hayo. Fundi aliyepoteza kibanda hakupoteza ufundi wake: nyundo moja na bati lililoungua vilitosha kuanza tena. Lakini fundi hawezi kuanza bila mteja. Aliyekumbuka deni lake na kulipa, hata kidogo kidogo, ndiye aliyemsimamisha. Kwa hiyo tunaposema mchuuzi mwaminifu, tumtaje na mteja wake.

Vita pia vimeligusa soko hili. Tarehe 20 mwezi wa kumi na moja 2012, waasi wa M23 waliingia Goma, wakatoka tarehe 1 ya mwezi uliofuata. Noeli ilikuwa imebaki majuma matatu na siku chache. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021, mlima ulipasuka tena. Moto ulisimama Buhene, mlangoni mwa mji, lakini siku tano baadaye mitaa mingi iliamriwa kuhama, na watu wakajaa barabara ya Sake. Mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, mji ukaingia tena mikononi mwa M23. Benki zikafungwa, kiwanja cha ndege kikafungwa, na mwezi uliofuata kambi za kando ya mji zikavunjwa. Waliokuwa wakiishi humo walitawanyika, na miongoni mwao wamo wasusi, washonaji na wachonga chukudu.

Pesa zinapokosekana, deni ndilo linalobaki kuwa benki ya maskini. Mama wa mbabula anajua kwamba huna kitu leo, anakupa, na jina lako linabaki kichwani mwake. Yeye naye anadaiwa bati, na mwenye bati anadaiwa usafiri. Mmoja akinyamaza, watu watatu wanalala njaa.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, kabla ya Noeli kumbuka ni nani aliyekupa kitu bila pesa mkononi. Kama uko Bukavu, Uganda au Burundi, tuma salamu pamoja na hicho kidogo ulichonacho. Kama uko hapa mjini, usimbane mama wa vitunga mpaka auze kwa hasara. Kitunga kimoja kinakula siku nzima za mikono yake. Na ukiona nafasi yake iko wazi mwaka huu, usipite tu. Uliza majirani, kama tulivyozoea kuuliza.