Mizani Bila Sahani: Muuguzi wa Shule na Unene wa Kupindukia wa Watoto nchini Uingereza

Wauguzi wa shule nchini Uingereza walianza kazi kwa sababu ya njaa. Mwaka 1892 Amy Hughes alianza kuzuru shule moja ya Drury Lane, London, kuwatazama watoto waliodhoofika kwa lishe duni. Vita vya Makaburu vya 1899 hadi 1902 vililigeuza suala hilo kuwa la kitaifa, kwani vijana wengi waliojitokeza kujiandikisha jeshini walikataliwa kwa udhaifu wa mwili. Baada ya kamati ya serikali kutoa taarifa yake mwaka 1904, sheria mbili zilifuata: ya 1906 iliziruhusu mamlaka za elimu (haikuzilazimisha) kuwalisha watoto wahitaji, na ya 1907 ilifanya ukaguzi wa afya shuleni kuwa wajibu. Mizani na sahani viliingia shuleni karibu pamoja.

Hata hivyo, ukaguzi peke yake haukuwa tiba, na ushahidi bora wa jambo hilo unatoka New York. Huko madaktari wa jiji walikuwa wakiwakagua wanafunzi na kuwarudisha nyumbani wenye maradhi ya macho, chawa au upele. Wengi walibaki mitaani bila kutibiwa. Mnamo Oktoba 1902 Lillian Wald alimtoa muuguzi wake, Lina Rogers, ahudumu kwa majaribio ya mwezi mmoja katika shule nne. Rogers aliwatibu watoto papo hapo, kisha jioni akapanda ngazi za nyumba za kupanga kuzungumza na akina mama. Watoto waliofukuzwa shuleni Septemba 1902 walikuwa 10,567. Septemba 1903, baada ya jiji kuajiri wauguzi zaidi, walikuwa 1,101. Maradhi yalikuwa yaleyale na madaktari walikuwepo tangu awali. Kilichoongezeka ni mtu wa kumfuata mtoto hadi kwao.

Nchini Uingereza sahani ndiyo iliyotangulia kuondoka. Sheria ya Elimu ya 1980 iliziondolea mamlaka wajibu wa kuwapikia wanafunzi wote na kufuta viwango vya lishe, ambavyo havikurejeshwa hadi mwanzoni mwa karne ya 21. Kufikia wakati huo tatizo lilikuwa limegeuka. Mpango wa taifa wa kuwapima watoto wa miaka 4–5 na 10–11 ulianza katika mwaka wa masomo wa 2005/06, na miaka ya karibuni umeonyesha kuwa zaidi ya mtoto mmoja kati ya watano wa kundi la wakubwa ana unene wa kupindukia. Katika maeneo maskini zaidi kiwango hicho huzidi maradufu ya kile cha maeneo tajiri zaidi. Ufukara uliokondesha watoto wa Drury Lane sasa unanenepesha.

Matokeo ya vipimo huwafikia wazazi wengi kwa barua, na si ajabu baadhi yao kuisoma kama lawama. Barua haipandi ngazi. Mwaka 2013 huduma hii ilikabidhiwa halmashauri, katika muongo ambao bajeti zake zilikuwa zikikatwa; idadi ya wauguzi wa shule ilipungua, na waliobaki walielemewa na mashauri ya ulinzi wa watoto. Katika maeneo kadhaa hata upimaji wenyewe hufanywa na wasaidizi wa afya, ambao humaliza darasa asubuhi na kuhamia shule nyingine.