Aliyekuroga Alikufa

Mwaka nilioacha chuo, mjomba alinikuta nimelala kwa kochi saa nne asubuhi. Akatikisa kichwa: "Huyu, aliyemroga alikufa." Sote tukacheka. Ukikulia Kenya umeshaambiwa hivyo, hata kwa kurudiana na mtu aliyekuacha mara tatu.

Lakini utani huu umebeba imani ya kale. Aliyefunga kwa maneno ndiye anayejua kufungua. Akifa nayo, basi, umeisha.

Kumbe Kiswahili kina neno la kufungua: kuzingua, yaani kumwondolea mtu uchawi kwa kisomo au dawa. Leo mtaani tunasema "usinizingue" tukimaanisha usinisumbue. Dawa imegeuka kuwa kero.

Zamani pwani kila kazi ilikuwa na jina lake. Kuroga ni kudhuru. Kuapiza ni kumtakia mtu mabaya kwa kinywa. Kuagua ni kutafuta kiini cha ugonjwa. Kombe ni aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa. Na kuganga ni kutibu tu. Ndiyo maana tunasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Mganga na mchawi walikuwa mahasimu.

Maneno mengine yalikuwa siasa. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola waliwaapisha Wagiriama: mukushekushe kwa wanawake, fisi kwa wanaume, kwamba hawatawatumikia wakoloni. Mekatilili alikamatwa Oktoba mwaka huo, wakahamishiwa Kisii. Mwaka 1914 Waingereza wakailipua Kaya Fungo kwa baruti. Hakuna anayetumia baruti kupigana na upuuzi.

Kisha ikaja Sheria ya Uchawi ya 1925. Ilikataza pia kumsingizia mtu uchawi, na hapo ilikuwa na maana. Lakini lugha yake ya Kiingereza ilimwita mganga kwa jina lililomuunganisha moja kwa moja na mchawi. Shuleni na kanisani tukafuata mkondo huohuo. Hirizi, kombe, kiapo, dawa ya mizizi: vyote vikaitwa uchawi.

Unaweza kusema ni maneno tu. Mimi pia nilisema hivyo, mpaka siku ile ile ya mjomba.

Kicheko kilipoisha, shangazi alishusha sauti. Akauliza kama tumemwona yule ajuza jirani yetu wa ushago, Kilifi, ana mvi tele na macho mekundu, alivyonishika mkono Krismasi akinung'unika kitu. Hakuna aliyecheka tena. Kilifi wazee wameuawa kwa shutuma za namna hiyo, wengine wakishukiwa na jamaa zao wenyewe.

Nilikumbuka alichonung'unika. Alisema, "Mungu akufungulie njia." Hiyo ni dua. Kiswahili kina neno la hilo pia, na halifanani hata kidogo na kuroga. Lakini ukishabaki na neno moja tu la kila kitu kinachosemwa kwa sauti ya chini, bibi akiomba unasikia anaroga.

Nikamwambia shangazi ukweli ambao sikuwa nimemwambia mtu: sikurogwa. Karo iliisha, nikaona aibu kusema.

Akanyamaza. Mjomba akaniuliza ni pesa ngapi.