Chama Kidogo Katika Uhuru wa Montenegro: Safari ya SDP, 1993–2023

Historia ya nchi zilizotokana na kuvunjika kwa Yugoslavia huandikwa mara nyingi kwa kufuata vyama vikubwa na viongozi wake. Montenegro, nchi ya Balkani yenye wakazi wapatao 620,000, yaonyesha upungufu wa njia hiyo. Chama cha Demokrasia ya Kijamii (SDP), cha mrengo wa kati kushoto, hakikupata kamwe kuwa kikubwa; hata hivyo, uhuru wa nchi hiyo haueleweki bila ya kukitaja.

Chama hicho kiliundwa mwaka 1993, vita vikiendelea nchini Bosnia. Mwaka uliotangulia, katika kura ya maoni iliyosusiwa na wapenda uhuru, Montenegro ilikuwa imeamua kubaki na Serbia katika shirikisho moja. Kutetea dola huru wakati huo kulikuwa ni kujitenga na wengi, na katika uchaguzi wa 1996 SDP haikupata hata kiti kimoja.

Mambo yaligeuka mwaka 1997, chama tawala, DPS, kilipogawanyika. Momir Bulatović alibaki upande wa Slobodan Milošević. Milo Đukanović akamwacha, naye akahitaji washirika. Mwaka 1998 mseto wake ulipata viti 42 kati ya 78, vitano vikiwa vya SDP. Bila ya hivyo vitano, vingebaki 37, navyo havikutosha kuunda serikali. Hapo ndipo ilipokaa nguvu ya chama kidogo: si katika wingi wa wafuasi, bali katika haja ya mkubwa.

SDP ilitumia nguvu hiyo kusisitiza lengo moja. Kura ya maoni ilifanyika tarehe 21 Mei 2006. Umoja wa Ulaya ulikuwa umeweka sharti la asilimia 55. Waliotaka uhuru walipata 55.5, yaani kura 230,661 dhidi ya 185,002. Tarehe 3 Juni Bunge lilitangaza uhuru, na Spika wake alikuwa Ranko Krivokapić, kiongozi wa SDP.

Lakini lengo lilipotimia, kifungo cha mseto nacho kililegea. Suala la mipaka ya dola lilipokwisha, lilibaki suala la jinsi dola yenyewe inavyotawaliwa: haki ya uchaguzi, mahakama, na chama kimoja kukaa madarakani miaka mingi. Mwaka 2015 SDP yenyewe ilipasuka. Ivan Brajović na wenzake walianzisha chama kingine, wakabaki na DPS. Januari 2016 serikali ya Đukanović iliokolewa kwa kura 42 kati ya 81 bila ya msaada wa SDP, na mwaka huohuo Krivokapić akaondolewa katika uspika.

Tangu hapo chama kilipungua: viti vinne mwaka 2016, viwili mwaka 2020, na mwaka 2023 hakikupata hata kimoja. DPS pia ilishindwa mwaka 2020, baada ya miongo mitatu ya utawala, lakini kushindwa huko hakukuiinua SDP. Wapiga kura waliochoka na utawala huo waliwakumbuka pia waliokuwa washirika wake kwa miaka 17.

Basi chama kidogo chaweza kuielekeza serikali kikiwa na lengo lililo wazi. Lengo hilo likishatimia, hulazimika kuwapa wananchi sababu mpya ya kukichagua. Na SDP ilianza kuitafuta sababu hiyo ikiwa imechelewa.