Swali la Mtunzi katika Wimbo wa Santuri: "Please Mr. Postman" (1961)

Katika uchambuzi wa nyimbo, swali la mtunzi aghalabu hupewa jibu la haraka. Wimbo wa jadi husemwa kuwa ni mali ya jamii. Wimbo wa santuri husemwa kuwa ni wa yule ambaye jina lake limechapishwa juu yake. Historia ya "Please Mr. Postman", wimbo wa kundi la wasichana wa Kimarekani The Marvelettes, yaonyesha kwamba jibu hili la pili nalo lahitaji kuchunguzwa.

Mnamo mwaka 1961 wasichana wa shule ya sekondari ya Inkster, mji ulio karibu na Detroit, waliimba katika mashindano ya vipaji shuleni kwao. Hawakushinda, lakini kwa msaada wa mwalimu walisikilizwa na Motown, kampuni changa ya Berry Gordy. Kampuni iliwataka warudi na wimbo wao wenyewe. Mmoja wao, Georgia Dobbins, alimwendea mpiga piano William Garrett, aliyekuwa na wimbo wa mtindo wa bluzi. Dobbins aliuchukua, akabakiza anwani yake tu, na kwa usiku mmoja akautunga upya.

Hata hivyo, Dobbins hakuuimba katika santuri. Mama yake alikuwa mgonjwa, na baba yake hakukubali atie sahihi mkataba, hivyo akajitoa. Nafasi yake ilichukuliwa na Wanda Young, na sauti ya kuongoza ikawa ya Gladys Horton. Studioni, Brian Holland na Robert Bateman walisimamia kazi, na Freddie Gorman, ambaye riziki yake wakati huo ilikuwa kupeleka barua, alisaidia kuurekebisha. Ngoma zilipigwa na Marvin Gaye, ambaye bado hakuwa na sifa. Kwa hiyo watu watano huhesabiwa kuwa watunzi: Dobbins, Garrett, Holland, Bateman na Gorman.

Kwa upande wa fani, wimbo huu ni wa mwimbishaji na waitikiaji, muundo uliokita mizizi katika makanisa ya Wamarekani weusi. Mwimbaji hasemi na mpenzi wake, bali humsihi mleta barua atazame tena mkobani. Mpenzi hayupo, na kimya chake ndicho kiini cha wimbo. Wenzake wanaoitikia huifanya huzuni ya mmoja iwe ya kundi zima.

Santuri ilitolewa Agosti 1961. Ilipofika Desemba ilikuwa imeshika nafasi ya kwanza katika orodha kuu ya jarida la Billboard, wimbo wa kwanza wa Motown kufanya hivyo. Lakini jalada la albamu iliyofuata lilionyesha sanduku la barua. Nyuso za waimbaji hazikuwamo. Katika Marekani ya ubaguzi wa rangi, sauti yao ilipokewa katika nyumba nyingi ambazo wao wenyewe wasingekaribishwa.

Mwaka 1963 The Beatles wa Uingereza waliurekodi wimbo huo, na mwaka 1975 The Carpenters waliurudisha kwenye nafasi ya kwanza Marekani. The Beatles, kwa kuwa ni wanaume, walilazimika kubadili neno linalomtaja mpenzi, maana Kiingereza hapo hutenga mume na mke. Kwa Kiswahili, neno "mpenzi" lingebaki lilivyo. Badiliko hili dogo lakumbusha kwamba kila anayeupokea wimbo huutia mkono wake.

Hata hivyo, mikono mingi haina uzito sawa. Garrett alitoa anwani, watayarishaji walitoa umbo la mwisho, na Horton alitoa sauti. Lakini bila usiku ule mmoja wa Dobbins, kundi lisingekuwa na wimbo wa kurudi nao. Jina lake limehifadhiwa miongoni mwa watunzi, ingawa sauti yake haimo. Mwanahistoria wa nyimbo hana budi kutenganisha kutunga, kurekebisha, kuimba na kumiliki, kabla hajatamka kwamba wimbo fulani ni wa fulani.