Kutohoa Gemu: Kutoka Kompyuta Hadi Konsoli

Desemba 2014, kampuni ya Kiitalia Kunos Simulazioni ilitoa toleo kamili la Assetto Corsa, gemu ya mbio za magari iliyoundwa kwa ajili ya kompyuta. Agosti 2016 gemu hiyohiyo ikaingia kwenye PlayStation 4 na Xbox One. Kazi iliyofanyika ili ifike huko Waingereza huiita port, kwa mzizi wa Kilatini wenye maana ya kubeba. Sisi tuiiteje?

Wengi huandika kuhamisha. Lakini anayehama huacha alikotoka, na Assetto Corsa haikuondoka kwenye kompyuta. Hadi leo ina wapenzi wengi huko. Tena kuhamisha humfanya msomaji adhani faili limenakiliwa tu, mambo yakaisha. Wengine husema toleo la konsoli, jina linalotaja zao la kazi na kuiacha kazi yenyewe bila jina. Nayo tafsiri ina shughuli yake: maandishi ya gemu yanaweza kutafsiriwa kwa Kiswahili bila programu kutoka kwenye kompyuta.

Napendekeza neno kutohoa. Wanaisimu hulitumia kwa neno linalochukuliwa kutoka lugha nyingine na kufinyangwa lifuate matamshi ya lugha inayolipokea. Dereva, breki na gia yameingia kwetu hivyo: maana ikabaki, irabu zikaongezwa palipohitajika. Programu inayoingia kwenye mashine mpya hupitia jambo kama hilo. Kiini chake hulindwa, umbo lake hufuata sheria za mwenyeji.

Kiini cha gemu ya uigaji ni hesabu. Gemu ya kawaida ya mbio hutosheka gari likionekana kwenda kasi. Ya uigaji hukokotoa uzito unavyoelemea mbele dereva akikanyaga breki, tairi linavyopata joto, na lami inavyoshikika kwenye kona. Assetto Corsa hufanya hesabu hizo mara 333 kila sekunde, juu ya viwanja kama Monza na Imola vilivyopimwa kwa leza. Ukizipunguza ili mashine ipumue, utabaki na gari lenye jina lilelile na tabia nyingine. Utakuwa umebadilisha maana.

Basi mbano huangukia kwingine. Mwenye kompyuta huweza kununua prosesa yenye nguvu zaidi au kupunguza ubora wa picha mwenyewe. PlayStation 4 ina prosesa yenye viini vinane vya mwendo wa takriban gigahezi 1.6, na kumbukumbu ya gigabaiti 8 inayogawanywa kati ya picha na kila kitu kingine. Mtohozi hufanya kazi ndani ya mipaka hiyo. Kwa kuwa kila mpinzani uwanjani naye anahitaji kukokotolewa, kwenye konsoli magari yaliishia 16, pungufu ya yale ambayo kompyuta iliruhusu.

Kisha kuna mikono. Usukani wa mchezo kama Logitech G29 huzunguka nyuzi 900. Kijiti cha pedi ya konsoli husogea kidogo tu chini ya kidole gumba. Ikiwa kila mtikisiko wa kidole utapelekwa moja kwa moja kwenye magurudumu, gari litayumba hata kwenye barabara iliyonyooka. Kwa hiyo kati ya pedi na gari huwekwa kichujio kinacholainisha mkono wa mchezaji, huku hesabu za tairi zikiachwa kama zilivyo.

Yapo yasiyovuka kabisa. Kwenye kompyuta mashabiki wameongeza magari na viwanja vyao wenyewe kwa wingi. Konsoli ni nyumba iliyofungwa, na nyongeza hizo zikabaki nje.

Gemu moja yaweza kutoholewa zaidi ya mara moja. Gemu nyingine, Assetto Corsa Competizione, ilikamilika kwenye kompyuta mwaka 2019. Ilipofika PlayStation 4 na Xbox One mwaka 2020, ilionyesha picha 30 kwa sekunde. Ilipotoholewa kwa PlayStation 5 na Xbox Series mwaka 2022, ikafikia 60. Mpenzi wa uigaji huihisi tofauti hiyo mikononi, maana picha ikichelewa, naye huchelewa kurekebisha gari linapoanza kuteleza.

Istilahi nzuri huzaa, na hii imezaa tayari: utohozi ni kazi, mtohozi ni mfanyaji, gemu iliyotoholewa ni zao. Ina mipaka pia. Gemu iliyoundwa tangu mwanzo kwa mashine zote haijatoholewa. Ya zamani iliyong'arishwa picha kwenye mashine ileile imeboreshwa. Iliyobadilishwa lugha na desturi ili iwafae watu wa mahali fulani imejanibishwa. Mhakiki akisema utohozi fulani ni mbovu, msomaji atajua lawama inaenda kwa nani: gemu ya awali yaweza kuwa safi kabisa, na kosa likawa la aliyechagua vibaya cha kulinda na cha kukata.