Piki Yako Inamlilia Nani?

Watu wangu, kwanza niseme ninaandika kutoka Bura Tana, si ile Bura ya Taita, maana kila nikipost kuna mtu ananiuliza Voi iko umbali gani. Leo ni habari ya ekzosi. Wengi wenu mliona ile video ya Desemba, nikitoka hapa mpaka Malindi na Boxer 150 iliyobebeshwa mizigo kama punda wa maji. Mlipenda mlio, mkaniuliza nimenunua wapi. Nilinunua Nairobi, Kirinyaga Road, kwa 4,500, na ina stika ya Akrapovič ambayo hata aliyeniuzia alicheka tulipoisoma. Akrapovič wenyewe wako Slovenia tangu 1990, na bei yao halisi inaweza kununua piki yangu nzima na abiria wake.

Ile safari ya kurudi sikuwaonyesha.

Nilichelewa kutoka Malindi, nikaamua kulala kwa shangazi yangu, kijiji kimoja upande wa Garsen. Niliingia saa tatu usiku. Nilipoachia mafuta ili nipunguze mwendo, ekzosi ikafanya ule mchezo wake: pa, pa-pa, pa. Mimi huo mchezo nilikuwa naupenda. Taa zikazimika. Si moja, nyumba nne tano mfululizo, giza. Nikazima piki nikaanza kuita jina langu kwa sauti kama mwendawazimu. Shangazi alipofungua mlango nikaona watoto wanatoka chini ya kitanda mmoja mmoja. Hakunigombeza. Aliniwekea chai, akakaa, halafu akaniuliza polepole, "Baba, hiyo piki yako inamlilia nani?"

Kama wewe si wa kaunti hii, nikuambie kwa nini taa zilizimika. Mwaka 2012, kuanzia Agosti, Tana Delta iliona mauaji ambayo yalichukua zaidi ya watu 100, yakafuatwa na kafyu. Wengine walikimbia na nguo walizovaa tu. Mtoto aliyekuwa na miaka saba wakati ule leo ni mama wa nyumba. Kwake "pa" ya usiku haina utani.

Basi swali la shangazi likanikaa kichwani, nikaanza kusoma sailensa ilitoka wapi. Nilidhani nitakuta habari ya wahandisi. Nimekuta habari ya majirani.

Piki ya kwanza ya petroli, ile ya Daimler na Maybach ya 1885 kule Ujerumani, ilikuwa ya mbao. Miaka michache baadaye injini zilipoanza kujaa barabarani, sailensa zilifungwa, lakini piki nyingi za zamani zilikuwa na kidude cha kuruka sailensa: unavuta, moshi unatoka moja kwa moja, unapiga kelele mpaka uchoke. Yaani ubishi wetu wa leo una zaidi ya miaka 100. Marekani kulikuwa na jamaa anaitwa Hiram Percy Maxim, ambaye mwaka 1909 alipata hataza ya kizuia sauti cha bunduki, na baadaye kampuni yake ikatengeneza sailensa za injini kwa wazo lilelile: moshi uzungushwe na upunguzwe kasi kabla haujatoka nje. Sasa sikiliza hii. Baba yake, Hiram Maxim, ndiye aliyevumbua bunduki ya Maxim, ile Lugard aliyokuja nayo Uganda ikalia Mengo mwaka 1892. Baba alileta kelele, mtoto akauza ukimya. Sijui kwa nini hili halifundishwi shuleni.

Lakini kisa ninachokipenda ni cha Brooklands, Uingereza. Ulikuwa uwanja wa mbio, ulifunguliwa 1907, na matajiri waliokaa karibu walichoka kusikia injini mchana kutwa. Wakaenda kortini. Kuanzia 1924 ikawa lazima kila gari na kila piki inayokimbia pale ifungwe sailensa kubwa, mkebe mnene wenye mdomo bapa kama mkia wa samaki. Waendeshaji walinung'unika kwamba wanaibiwa nguvu. Halafu ikawaje? Vijana wa mtaani wakaupenda ule mkia wa samaki kwa sababu ulikuwa unaonyesha wewe ni mtu wa mbio, na kampuni kama Velocette zikafunga sailensa za umbo hilo kwenye piki za barabarani. Kitu kilicholazimishwa na majirani kikageuka pambo. Kwa hiyo ukiniambia ekzosi ni "staili tu", nakubali, lakini hata hiyo staili ilianzia kwenye kesi.

Kuhusu nguvu sasa, maana najua mnanisubiri hapo. Ni kweli ekzosi inaweza kuongeza nguvu. Aliyelionyesha vizuri ni Walter Kaaden, mhandisi wa MZ kule Ujerumani Mashariki, miaka ya 1950. Yeye aligundua kwamba kwenye injini ya two-stroke, mawimbi ya moshi yakirudishwa kwa wakati sahihi yanasukuma petroli mbichi irudi ndani badala ya kupotea. Mpaka 1961 injini yake ya 125 ilikuwa inatoa nguvu ya farasi 25 hivi, maajabu ya wakati huo. Mwaka huohuo mwendeshaji wake, Ernst Degner, alitoroka wakiwa mashindanoni Sweden, akaenda Suzuki na siri yote kichwani. Mwaka 1962 Suzuki wakachukua ubingwa wa dunia wa 50cc, Degner akiwa juu yake. Bomba lile si bomba la kuchomelewa kwa makadirio: kila sentimita ilipigiwa hesabu.

Na hizo two-stroke za Kijapani ndizo piki za kwanza wazazi wetu wengi walizozizoea. Hapa Bura mradi wa umwagiliaji ulipoanza mwishoni mwa miaka ya 1970, watu wakaletwa kulima pamba, maji yanavutwa na pampu za dizeli pale Nanighi, piki ilikuwa ya afisa. Afisa wa kilimo, wa mifugo, wa afya. Baba yangu anasema walikuwa wanaijua kwa sauti kabla ya kuiona, ule mlio mwembamba na moshi wa samawati, na mama mwenye mtoto mgonjwa alikuwa anatoka barabarani akiusikia. Huo mlio ulikuwa unamlilia mtu. Ulikuwa na kazi.

Boda zilikuja baadaye. Jina lenyewe ni la baiskeli za Busia za miaka ya 1960, za kuvusha watu mpakani mwa Kenya na Uganda. Lakini zilizotujaza sisi ni piki za baada ya 2008, serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa piki za chini ya 250cc. Ghafla kijana wa kawaida akaweza kuwa na kile alichokuwa nacho afisa peke yake.

Hapa lazima niwatetee watu wa boda kidogo, kwa sababu wanatukanwa sana. Piki nyingi zinazopiga kelele hapa stejini hazikufanywa hivyo kwa maringo. Sailensa inaoza kutoka ndani: safari fupi fupi, mvuke haukauki, juu yake tope letu jeusi la mvua. Ikitoboka, mpya ya kampuni ni pesa ya siku nyingi, kwa hiyo unaenda kwa welda anakupigia kiraka, kikianguka unaendelea hivyohivyo. Kuna kelele ya shida na kuna kelele ya kununua. Sheria ya trafiki inataka sailensa, kanuni za NEMA za kelele za 2009 zipo, lakini askari akisimamisha piki hatofautishi hizo mbili. Mimi natofautisha, kwa sababu yangu niliilipia.

Na nililipia nini hasa? Boxer yangu ni four-stroke ya silinda moja, nguvu ya farasi 12 hivi. Sailensa yake ya kiwandani ilipimwa pamoja na kabureta. Ukifungua njia ya moshi bila kugusa kabureta, hewa inazidi petroli, injini inachemka. Fundi wangu alipofungua plagi ilikuwa nyeupe kama chokaa. Ile "pa-pa" niliyokuwa naisifia kwenye video ni petroli ambayo haikuungua kwenye silinda, inakutana na hewa inayovuja kwenye kiungo cha bomba na kulipukia nje. Ni dalili ya ugonjwa, nami nilikuwa nairekodi kama muziki. Spidi haikuongezeka hata kidogo. Nilipima kwenye lami ya kwenda Hola, kwenda na kurudi, mara mbili.

Kuna wanaosema mlio unaokoa maisha, gari linakusikia. Bomba linaangalia nyuma, ndugu. Anayekusikia vizuri ni uliyekwisha mpita. Barabara hii ng'ombe wakivuka, wanachofanya wakikusikia ni kutawanyika mbele yako.

Nimerudisha sailensa ya zamani wiki iliyopita, fundi amebadilisha na gasketi. Piki imekuwa kimya mpaka nasikia cheni, na nimegundua cheni inahitaji mafuta. Ile nyingine imening'inizwa ukutani kwake, stika bado inang'aa. Vijana wawili wameshauliza bei. Sijawajibu. Jumamosi naenda Garsen na shangazi nimempigia simu, lakini sikumwambia nitafika saa ngapi.